Nyimbo za Watoto na Itikadi ya Dini

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baada ya hayo:

Mtoto huipokea dini kwa sikio kabla ya kuipokea kwa akili. Siku azaliwapo huadhiniwa sikioni, naye hajui adhana ni nini. Akiwa mgongoni mwa mamake hulisikia jina la Mwenyezi Mungu katika wimbo wa kumlaza. Na afikapo chuoni huziimba herufi pamoja na wenziwe, wakubwa wakitangulia na wadogo wakifuata. Basi asiseme mtu kwamba kumfundisha mtoto kwa kuimba ni jambo geni katika dini. Sikio la mtoto halikai tupu: lisipotiwa neno la kheri, litatiwa la njiani.

Walakini katika jambo hili wanaume wamegawanyika makundi mawili. Wapo ambao wakisikia watoto wanaimba majina ya Mitume kwa kupiga makofi hukunja nyuso, wakasema dini haiimbwi, wakawanyamazisha. Na wapo ambao husikia wakafurahi, wakamsifu mtoto mbele ya wageni, wala wasiulize aliyoyaimba yana maana gani, wala kama ni ya kweli. Makundi yote mawili yamekosea, na jawabu yao imo katika khabari moja aliyoipokea Imam Bukhari.

Rubayyi binti Muawwidh alikuwa mwanamke wa Kiansari katika Madina, na babake alikufa shahidi katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra. Alipoolewa, Mtume (S.A.W.) alimwendea nyumbani kwake asubuhi ya arusi, akakaa kitako. Na hapo palikuwa na vijana wa kike wakipiga dufu na kuwaimba wazee waliouawa siku ya Badri. Mmoja wao akaingiza katika wimbo neno la kwamba miongoni mwao yupo Mtume ayajuaye yatakayokuwa kesho. Mtume akamwambia aliache neno hilo, na aendelee kuyasema yale aliyokuwa akiyasema kwanza.

Na izingatiwe khabari hii vyema. Mtume hakuwanyang'anya dufu, wala hakuwatoa nje. Wala hakusema, hawa ni watoto, na waseme watakalo. Neno lile lilikuwa la kumsifu yeye mwenyewe, na wangapi husifiwa kwa uwongo wakanyamaza! Lakini kuyajua ya ghaibu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na kosa la itikadi halikuachwa katika kinywa cha mtoto hata kwa muda wa wimbo mmoja. Aliliondoa neno, akaurudisha wimbo. Hiyo ndiyo hukumu: mwenye kuunyamazisha wimbo wote amezidisha, na mwenye kuliacha neno baya lipite amepunguza.

Wanavyuoni waliokuja baadaye waliifuata njia hiyo. Sheikh Suleiman al-Jamzuri, mwaka wa 1198 wa Hijra, alitunga beti 61 za kufundishia tajwidi, akaziita Tuhfatul Atfal, yaani tunu ya watoto. Na Sheikh Ahmad al-Marzuki, mwanachuoni wa Makka wa madhehebu ya Imam Malik, alitunga Akidatul Awam mwaka wa 1258, yapata mwaka 1842 wa miladi. Ni beti 57 tu, kwa bahari nyepesi iitwayo rajazi, ambayo ulimi wa mtoto huishika upesi. Ndani yake mna sifa 20 zilizo wajibu kwa Mwenyezi Mungu, na majina ya Mitume 25, na Malaika 10, na vitabu vinne, na khabari za nasaba ya Mtume na wanawe. Na huku pwani, yapata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha kwa Kiswahili, kwa kuwa alijua kwamba wosia wenye vina hukaa moyoni.

Walakini beti za al-Marzuki, pamoja na wepesi wake, ziliandikiwa sherehe. Sheikh Nawawi wa Banten, katika nchi ya Jawa, alizifasiri katika kitabu kizima. Kwa nini beti za watoto zitakiwe kufasiriwa? Kwa sababu ubeti ni wa kuhifadhi, na sherehe ni ya kufahamu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505, ameeleza katika Ihya kwamba itikadi hupewa mtoto mwanzo ili aihifadhi, kisha maana yake humfunukia kidogo kidogo kadiri akuavyo. Kwanza ni kuhifadhi, kisha kufahamu, kisha kuitakidi na kuyakinisha. Wimbo ni daraja ya kwanza, na asimamaye hapo hajafika.

Na khatari ya kusimama hapo si ndogo. Mtoto huimba kwamba Mwenyezi Mungu ana sifa ya Kidamu. Na asipofafanuliwa, atadhani kuwa Mungu ni mzee mkongwe aliyeishi miaka mingi. Kumbe maana yake ni kwamba hana mwanzo, wala miaka haimpiti. Huimba kwamba Mungu anasikia na anaona. Na asipofafanuliwa, atamwekea moyoni masikio na macho mfano wa yake. Kwa hiyo katika sifa zile 20 imetangulia ile ya kutofanana na viumbe, ili imlinde mtoto na dhana hiyo. Mtoto aimbaye sifa zote 20 bila ya maana ni kama kasuku atoaye salamu mlangoni: sauti ni ya mtu, na ndani hamna mtu.

Kazi hii wanaume wengi wamewaachia kina mama na walimu wa chuo. Na sababu nyingine ni ya aibu: baba mwenyewe aliimba utotoni, wala hakufafanuliwa, basi aulizwapo na mwanawe hufoka, na hasira yake ni pazia ya kutojua kwake. Mtoto aliyefokewa kwa swali la dini hulificha. Lakini swali halifi. Hukua pamoja naye, na siku moja hulipeleka kwa mtu mwingine, na baba hajui atajibiwa nini. Na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Njia ya kutengeneza si ngumu. Baba na akae na wanawe baada ya sala ya Magharibi, waimbe, naye asikilize. Kisha na aulize sifa moja tu, aieleze kwa mfano ulio karibu na mtoto, na aishike hiyo kwa juma zima. Sifa 20 ni majuma 20, hazitimii miezi mitano. Asiyoijua na akamwulize mwalimu, wala asione haya. Kuuliza mbele ya mtoto ni somo jingine. Na wimbo mpya wa Kiswahili usiingizwe nyumbani mpaka mjuzi ameyasikia maneno yake, kwani neno lililoimbwa utotoni ni zito kulitoa ukubwani. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wa Waislamu kuyajua wayaimbayo, na awape wazee wao subira ya kuwafahamisha. Amin.