Treni ya Isaka
Swali la fizikia: treni ya mizigo inakaribia bandari kavu ya Isaka kwa kilomita 72 kwa saa. Breki zinapunguza mwendokasi kwa robo mita kwa sekunde, kila sekunde. Itasimama baada ya umbali gani? Mwanafunzi anatumbukiza 72 kwenye kanuni ya umbali (mwendokasi kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya kiwango cha kupungua), anapata zaidi ya mita 10,000. Kilomita kumi za breki! Hata muuza karanga wa stesheni angecheka. Geuza kwanza: mita 20 kwa sekunde. Sasa jibu ni mita 800. Huamini? Chora grafu ya mwendokasi na muda: pembetatu, kitako sekunde 80, kimo 20. Eneo lake, ambalo ndilo umbali, ni 800 vilevile, na hapo umeshaanza kalkulasi bila kuambiwa.