Mtoto wa Nani?

Tangu tulipostaafu ualimu tunashona nguo za wanasesere. Mafundi cherehani hapa Temeke hutuwekea mabaki ya vitenge, na kabatini tumekusanya wanasesere wapatao 30. Jirani alituuliza kama huo si utoto. Hilo halikutusumbua.

Anayetusumbua ni mmoja asiyevaa nguo. Ni mwana hiti wa Wazaramo, wa kuchongwa kwa mti, urefu kama kiganja, hana mikono wala miguu. Zamani mwali alipowekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti amlee: amwogeshe, ampake mafuta, ajifunze ulezi kabla hajawa mama. Wengine leo wamo katika makumbusho ya Ulaya, nyuma ya kioo.

Huyu wetu tulimnunua kwa mchuuzi. Kifua chake kimelainika kwa kushikwa. Je, tulimhifadhi, au tulimtenga na kwao? Tulijitetea kwamba tusingemnunua sisi, angemchukua mgeni. Huenda ni kweli. Lakini hata mnunuzi wa mali ya wizi husema hivyo, na sisi hatukuuliza ametoka nyumba gani.

Mjukuu wetu wa miaka 7 aliomba kumbeba. Tukamkatalia, tukihofu atamvunja. Akauliza, "Sasa nani anamwogesha?"

Tulikosa jibu, sisi tuliozoea kuuliza maswali darasani. Siku hizi mtoto humpaka mafuta ya nazi kila Jumamosi, nasi tumekaa karibu, roho mkononi. Yule mchuuzi tungali tunamtafuta.