Haki ya Mama Anayeuguza Mtoto

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, katika miji ya pwani wako mama wengi ambao hospitali imekuwa ndiyo nyumba yao ya pili. Mama wa namna hii ana mtoto mwenye maradhi ya selimundu, ambayo watu wengi huyaita siko seli. Mtoto hulala mzima, na usiku wa manane huamka akilia kwa maumivu ya mifupa. Au vidole humvimba, au homa humpanda ghafula. Mama humfunga kwa kanga akatoka naye. Huko hukaa siku tatu, au juma zima, akilala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe. Humnywesha maji, humkanda, humshika mkono atiwapo sindano, wala hathubutu kulia mbele yake. Kisha huruhusiwa wakarudi nyumbani. Na pengine mwezi mwingine haujaandama, safari huanza upya.

Mtu asidhani kuwa kazi hii ni ndogo mbele ya Mungu. Bibi Hajar aliachwa na mwanawe Ismail katika bonde lisilo mazao wala maji. Alikuwa na yakini kuwa Mola wake hatawapoteza. Lakini yakini hiyo haikumkalisha kitako. Mtoto alipogaagaa kwa kiu, alipanda Safa, akashuka, akapanda Marwa, hata zikatimia mara saba. Na maji ya Zamzam yakatoka pale pale alipokuwa mtoto. Basi kila aendaye Hija, awe tajiri au maskini, hufuata nyayo za mama aliyehangaika kwa ajili ya mwanawe. Ajabu ni mtu kufuata nyayo hizo Makka, na nyumbani kwake asiuone uchovu wa mkewe arudipo kutoka hospitali!

Na Mtume wetu (s.a.w.) imepokewa kuwa alikuwa akianza Sala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua uchungu unaomshika mama yake. Ikiwa Sala, iliyo nguzo ya dini, ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama, ni shughuli gani ya dukani au barazani isiyoweza kufupishwa?

Makosa ya wanaume katika jambo hili ni matatu.

La kwanza ni kumlaumu mama. Wako wasemao: "Kwetu maradhi haya hayapo, ameyaleta yeye;" na wengine humwacha kwa sababu hiyo. Hii ni dhuluma iliyojengwa juu ya ujinga. Matabibu waliyaandika maradhi haya huko Chicago katika mwaka wa 1910, na katika mwaka wa 1949 ikabainishwa kuwa mtoto huyarithi kwa wazazi wake wote wawili. Huenda baba na mama wakawa wazima, hali kila mmoja ana asili ya maradhi katika damu yake asijue. Wakikutana wawili hao, katika kila mimba yapo mafungu 4: fungu 1 mtoto kuugua, mafungu 2 kuwa mzima mwenye asili hiyo kama wazazi wake, na fungu 1 kusalimika kabisa. Basi amlaumuye mkewe ajue kuwa nusu ya urithi huo imetoka kwake mwenyewe.

La pili ni kuchelewesha. Akisikiwa mtoto analia usiku, hunenwa kuwa ni jini au ni jicho, akapelekwa kwa mganga kwanza. Dua ni haki, wala haimzuii mtu kwenda kwa tabibu; Mtume mwenyewe (s.a.w.) aliamuru watu wajitibu. Katika maradhi haya chembe nyekundu za damu hugeuka umbo zikawa kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Na mwili wa mtoto hupungukiwa na kinga. Kwa hivyo homa yake haingoji asubuhi. Na kinga zipo: maji mengi, chandarua, penisilini kwa walio wadogo, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu kwa wale walioandikiwa na tabibu.

La tatu ni kudhani kuwa baba akisha kutoa masurufu, amemaliza. Na atazame khabari ya Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Katika mwaka wa 2 wa Hijra Waislamu walitoka kwenda Badr, na mkewe, Ruqayya binti Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alimwamuru abaki Madina amwuguze, akamhesabia fungu lake na thawabu zake sawa na mtu aliyehudhuria vita. Kama kukaa na mgonjwa kungalikuwa ni kazi ya wanawake tu, asingalibakishwa mwanamume siku ya Badr.

Basi imempasa baba ashike zamu, mama apate kuoga, kusali kwa utulivu na kulala walau usiku mmoja. Awaangalie watoto waliobaki nyumbani. Asikie maneno ya tabibu kwa masikio yake, ili mama asibebe peke yake khabari nzito. Mtoto akihitaji damu, baba na jamaa wenye afya wajitolee kupimwa na kutoa. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu, na Kurani imefanya kuhuisha nafsi moja kuwa kama kuhuisha watu wote. Na vijana wanaotaka kuoa wapimwe damu kabla ya posa, kwani kujua mapema si kupinga kadari.

Subira ya mama ni ibada, na ujira wake uko kwa Mungu. Lakini subira yake si ruhusa ya mume kumwacha peke yake.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wa Kiislamu na wagonjwa wote, awatie nguvu mama zao, na awaongoe baba zao katika kutimiza amana. Amin.