Mwenye Kuona Kwato Mbovu: Aseme au Anyamaze?

Ama baada ya kumhimidi Mola, suala letu ni hili: mtu apita barabara kuu ya Tunduma, pale malori yangojapo kuvuka kwenda Zambia, akamwona punda wa mkokoteni kwato zake zimerefuka hata zimepinda mfano wa jambia, naye achechemea na magunia ya mahindi nyuma yake. Je, mtu huyo aseme, au ashike njia yake?

Wengi hushika njia yao, na hoja yao ni moja, kwamba punda ni mali ya mwenyewe. Hoja hii ni dhaifu. Jembe ni mali wala halina haki juu ya mwenye nalo, lakini mnyama anayo. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262 Miladi), alizihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, na miongoni mwazo ni kulishwa hata mnyama akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena, na kutotwishwa asichokiweza. Katika nchi yetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo imelitia jambo hili mkononi mwa serikali. Basi neno "mali yake" halimfungi mpita njia mdomo.

Lakini liko neno jingine liwezalo kumfunga, nalo ni ujinga wake mwenyewe. Ukwato wa punda husimama wima kuliko wa farasi, na aliyezoea farasi hudhani umeharibika. Ukwato hukua daima kama ukucha, na ardhi ngumu huula. Usipolika vya kutosha hutaka kuchongwa kila baada ya wiki 6 hata 10. Tena asili ya punda ni nchi kavu, na ukwato wake hunywa maji upesi. Majira ya mvua ya Songwe, toka Novemba hata Aprili, akisimama usiku kucha katika tope na samadi, ile sehemu laini ya katikati huoza ikanuka. Na pengine kuchechemea ni kwa jiwe lililokwama saa ile ile, wala mwenyewe hana kosa lolote.

Ndiyo maana Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111 Miladi), alipopanga daraja za kukataza maovu, aliweka kufahamisha kabla ya kuonya na kukaripia; kwani huenda mtu atenda kwa kutojua, na lau angalijua angaliacha. Nasi twaona kuwa katika kwato daraja hii ina kazi kuliko zote. Njaa ya punda mwenyewe huiona; lakini kwato hurefuka kidogo kidogo, na jicho la kila siku halitambui. Basi amwite kando, si mbele ya wateja, amwambie: "Shikamoo, baba. Naona punda huyu auonea uchungu mguu wa nyuma, wewe waonaje?" Kuuliza huku si hila, kwani huenda mzee ajua asilolijua muulizaji.

Taabu kubwa ni kijana wa kuajiriwa. Punda si wake, hulipwa kwa safari, na akimpumzisha hali. Kumkemea huyo ni kumtwisha aliye dhaifu kuliko wote. Na kunyamaza kwa kumhurumia ni kumwacha punda abebe huruma yetu pamoja na magunia. Mtume (s.a.w.) alipomwona ngamia akilia katika bustani ya Madina alimpapasa, kisha akauliza ni wa nani, ndipo akasema na mwenyewe. Kijana aulizwe vivyo hivyo, na mwenye punda afuatwe pasipo kutajiwa kuwa kijana amelalamika. Akikataa, yuko afisa mifugo wa kata.

Wala mpita njia asishike panga kwa haraka ya kutenda mema: ukwato uliorefuka sana ukikatwa mara moja hutoka damu, na punda hashiki tena ardhi. Hupunguzwa kwa kisu cha kwato na tupa, mara kwa mara, miezi kadhaa.