Kipimo Kilisema Hana Korona

Mwezi Juni 2020, nchini Marekani, msichana wa miaka 13 alikuwa mahali ambapo watu wengi waliambukizwa korona. Familia yake haikupuuza jambo hilo. Siku nne baadaye alipimwa kwa kipimo cha haraka, kile cha kijiti cha puani ambacho majibu yake hutoka baada ya dakika chache. Majibu yakaja kwamba hana. Wakati huo hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa.

Siku mbili baada ya kipimo, pua yake iliziba. Hiyo ndiyo dalili pekee aliyoipata. Siku hiyohiyo alisafiri pamoja na baba yake, mama yake na kaka zake wawili kwenda kukutana na ndugu na jamaa, na kesho yake mkutano wa familia ukaanza.

Jamaa wote waliokutana walikuwa 20, wa kaya tano kutoka majimbo manne. Mdogo wao alikuwa na miaka 9, mkubwa miaka 72. Kati yao, 14 walilala katika nyumba moja yenye vyumba vitano vya kulala na mabafu mawili. Kuna waliokaa siku 8, kuna waliokaa hadi siku 25. Ndani ya nyumba hakuna aliyevaa barakoa wala aliyekaa mbali na mwenzake. Nani huvaa barakoa mbele ya bibi yake?

Mwisho wake ulikuwa huu: kati ya watu 13 waliokaa nyumba moja na msichana yule, 11 waliugua. Mmoja alilazwa hospitali, mwingine alitibiwa katika idara ya dharura kwa dalili za mfumo wa kupumua. Namshukuru Mungu kwamba wote wawili walipona.

Kisa hiki si cha kusikia barazani. Kilichunguzwa na kuchapishwa Oktoba 2020 na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Majina ya wahusika hayakutajwa, na hilo ni jema, maana wangeweza kuwa mimi na wewe. Nimekisoma mara nyingi na kila mara najiuliza: kama ningekuwa baba wa yule msichana, tiketi zimeshalipwa, watoto wameshafunga mabegi, bibi anapiga simu kuuliza mtafika saa ngapi, je, ningesema safari imeahirishwa kwa sababu ya pua iliyoziba? Siwezi kuapa kwamba ningesema. Ndiyo maana naona tukae tukitazame kisa hiki pamoja, tena polepole.

Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa hakuna aliyeficha maradhi. Mtoto alipelekwa kupimwa, na familia ilifuata jambo ambalo kila mtu alikuwa akihimizwa kulifanya. Hatari haikupita kwenye uzembe wa dhahiri. Ilipita kwenye dalili ndogondogo, ambazo kila moja ilikuwa na maelezo yake ya kuridhisha.

Dalili ya kwanza ilikuwa tukio lenyewe. Msichana alijulikana kuwa amekaa karibu na maambukizi. Hapo hesabu ilipaswa kuanza, na hesabu ya korona kwa wakati ule ilikuwa siku 14. Virusi vikishaingia mwilini, ugonjwa uliweza kujitokeza siku yoyote kuanzia ya pili hadi ya kumi na nne, na wengi walianza kuumwa karibu na siku ya tano. Yeye alisafiri siku ya sita, yaani ndani kabisa ya kipindi cha kungoja.

Dalili ya pili iliyopuuzwa ni udhaifu wa kipimo. Kipimo cha haraka hutafuta vipande vya protini za virusi kwenye makamasi, na huviona vizuri pale virusi vinapokuwa vingi. Mapema mno baada ya kuambukizwa, virusi bado ni vichache. Kumpima mtoto siku ya nne na kuyachukua majibu kuwa neno la mwisho ni sawa na kuonja maharage yaliyobandikwa jikoni sasa hivi, kisha kusema hayana ladha. Jibu lilikuwa la saa ile tu. Familia ililichukua kama kibali cha wiki tatu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Tukisikia mtoto "hana", mioyo yetu hutulia, na moyo uliotulia hauangalii tena. Kama asingepimwa kabisa, huenda pua iliyoziba siku mbili baadaye ingewashtua wazazi. Lakini kwa kuwa walikuwa na majibu mkononi, mafua yalibaki kuwa mafua. Kipimo kizuri, kikitumiwa kabla ya wakati wake, kinaweza kumwacha mtu gizani zaidi kuliko asiyepimwa.

Dalili ya tatu ndiyo hiyo pua. Watoto wana mafua kila mara. Mzazi akisimamisha maisha kwa kila chafya hataenda popote. Hilo ni kweli. Lakini dalili haipimwi kwa ukubwa wake peke yake. Inapimwa pamoja na yaliyotangulia. Pua iliyoziba kwa mtoto ambaye hajakutana na mgonjwa ni jambo moja. Pua hiyohiyo, siku sita baada ya mtoto kukaa na walioambukizwa, ni jambo jingine kabisa. Kosa halikuwa kushindwa kuiona dalili, bali kutoiunganisha na ile ya kwanza.

Dalili ya nne ilikuwa nyumba. Watu 14, mabafu mawili, meza moja, hewa moja, usiku na mchana. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu virusi angeweza kuhesabu vyumba na vichwa. Ila kukiwa na ndugu, nani huhesabu? Sisi tunahesabu wageni, hatuhesabu wa nyumbani.

Sasa angalia sehemu ya kisa ambayo haisimuliwi sana. Walikuwepo jamaa wengine sita, wakiwemo binamu wanne wa msichana huyo. Hawa hawakulala pale. Walikuja kusalimia siku mbili tofauti, mara ya kwanza kwa muda wa saa 10, mara ya pili kwa muda wa saa 3. Walikaa nje, wakaachiana nafasi na wenzao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeugua, na wanne waliopimwa hawakukutwa na virusi. Saa 13 za kuwa pamoja si salamu za mlangoni. Ni muda wa kutosha kula, kucheka na kusikiliza hadithi za wazee. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba funzo hapa ni kuwakimbia ndugu. Undugu ulikuwepo nje uani kama ulivyokuwepo ndani.

Ripoti hiyo ya CDC ilitoka majani yakianza kupukutika Marekani. Kwa familia zenye watoto, zikiwemo za Waswahili waliohamia huko, ile ilikuwa miezi migumu. Watoto wengi walisomea nyumbani, kompyuta juu ya meza ya chakula, mwalimu akiita majina kwenye kioo huku mdogo wa miaka mitatu akivuta waya. Shule nyingine zilifungua nusu, watoto wakienda kwa zamu. Mzazi aliyetoka kazini usiku alilazimika kubaki macho asubuhi ili mtoto asilale wakati wa hesabu. Tarehe 1 Novemba saa zilirudishwa nyuma, giza likaanza kuingia mapema, baridi ikafunga madirisha na watoto wakaacha kucheza nje. Kila nyumba ilikuwa na pua zinazotiririka. Watu walikuwa wamechoka na kuzuiwa, na kila mmoja alitamani kuona uso wa mama yake.

Kisha ikaja Sikukuu ya Shukrani, ambayo familia za Marekani hukutana, tarehe 26 Novemba. Wiki moja kabla yake, CDC iliwaomba watu wasisafiri. Wengi walitii, lakini wengi pia walikwenda: Jumapili ya kurudi makwao, zaidi ya abiria milioni moja walipita kwenye viwanja vya ndege vya Marekani. Sisemi kwamba kila aliyesafiri alibeba ugonjwa. Lakini Januari 2021 nchi hiyo ilikuwa na siku ambazo vifo vya korona vilizidi 4,000. Somo la msichana wa miaka 13 lilikuwa limeshaandikwa wiki kadhaa kabla ya sikukuu, kwa yeyote aliyetaka kulisoma.

Wala tusiwatazame Wamarekani kana kwamba sisi tulikuwa tofauti. Kenya ilifunga shule Machi 2020. Tarehe 12 Oktoba walirudi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine walisubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwa miezi hiyo, nyumba moja ilikuwa na mtoto anayepanda matatu kila asubuhi kwenda kuchanganyika na wenzake, na wadogo zake wanaoshinda nyumbani na nyanya. Desemba ilipofika, swali kubwa lilikuwa nauli ya kwenda ushago. Ni wangapi kati yetu tuliuliza pia, "Huyu wa darasa la nane, wiki hii amekaa na nani?"

Korona imepungua makali, lakini mtego huu haujaondoka. Kagera nchini Tanzania mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024 zilipopata ugonjwa wa Marburg, watu waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Marburg haienei kama korona. Huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa. Lakini kanuni ya kungoja ni ileile: ugonjwa una siku zake za kujificha, na mtu kujisikia vizuri leo hakufuti siku zilizobaki.

Basi tufanye nini, sisi wazazi na walezi?

Tuhesabu siku kuanzia tukio, si kuanzia majibu. Mtoto akikaa na mgonjwa, andika tarehe ukutani. Ukiambiwa na wahudumu wa afya angoje siku kadhaa, angoje zote, hata kama kipimo cha katikati kimesema hana. Kama una njia ya kumpima tena siku za mbele, mpime.

Tuwape watoto uhuru wa kusema. Mtoto anajua kwamba akisema anaumwa, safari itavunjika na binamu zake hatawaona. Anaweza kumeza mate na kusema yuko sawa. Mwambie mapema, kwa upole, kwamba akisema kweli hatagombezwa, na safari itapangwa upya. Na ikitokea ugonjwa umeenea kupitia kwake, usimwache abebe lawama. Yule msichana hakununua tiketi wala hakuamua nani alale chumba gani. Maamuzi yote yalikuwa ya watu wazima, kwa hiyo funzo nalo ni la watu wazima.

Tukumbuke pia kwamba katika mila zetu mwenyeji hawezi kumfungia mgeni mlango. Bibi hatasema, "Msije." Atasema, "Karibuni," hata kama kifua chake ni kibovu, hata kama daktari amemwonya. Kwa sababu hiyo mzigo wa kujizuia ni wa anayesafiri. Tukimwachia mzee aamue, tumeshaamua kwa niaba yake.

Na pale ambapo kukutana hakuepukiki, tutoke nje. Tuna miembe, tuna nyua, tuna jua karibu mwaka mzima. Jamaa wale sita wametuonyesha kwamba mtu anaweza kushinda na ndugu zake mchana kutwa na kurudi salama.

Mwisho, tujizoeze maneno ya kusema siku hiyo ikifika: "Mama, tulikuwa tumejiandaa kuja, lakini mtoto alikaa na mgonjwa wiki iliyopita na leo pua imeziba. Tumeahirisha. Tutakuja siku zikiisha." Tuyaseme kabla ya kulipa nauli, au tulipe nauli inayoweza kubadilishwa tarehe, kwa maana mabegi yakishafika mlangoni, ulimi huwa mzito na kila dalili huonekana kuwa mafua tu.