Kumtambua Mdudu Kabla ya Kumhukumu

Wako watu wasemao ya kuwa kuchunguza wadudu ni kazi ya wenye nafasi nyingi, wala haimpasi mtu mwenye shamba la kulima. Husema, Mdudu alaye mmea ni adui, na adui huuawa; jina lake ni la nini? Neno hili lina nguvu kwa mtu aliyeonja njaa, wala hatulidharau. Lakini ndani yake limo swali lingine, nalo ni swali la haki: twajuaje ya kuwa huyu tuliyemshika ndiye aliyekula?

Na tumfikiri mkulima wa Kizwite, pale Sumbawanga, aingiaye katika maharagwe yake asubuhi, umande ungali juu ya majani. Aona mdudu wa kijani, umbo lake kama ngao, hajazi ukucha wa kidole gumba. Akiguswa hutoa harufu mbaya. Katika shina lilo hilo aona wengine wadogo, weusi, wenye madoa meupe na mekundu, wasio na mabawa. Tena yuko wa tatu, wa rangi ya udongo, mwembamba, atembeaye polepole kama mzee. Macho yamwambia ya kuwa hawa ni adui wa namna tatu. Macho yamdanganya mara mbili. Wale weusi wenye madoa ni watoto wa yule wa kijani. Watajivua ngozi mara tano, na mara ya mwisho watatoka na mabawa na rangi ya wazazi wao. Na yule wa tatu huenda si adui kabisa, maana kati ya kunguni wa mimea wamo wawindaji wanaokula viwavi na wadudu wengine. Atakaye kuwapambanua asitazame rangi, amgeuze mdudu chali atazame mdomo wake. Anyonyaye mimea ana mdomo mrefu, mwembamba, uliolala chini ya kifua kama sindano katika ala. Mwindaji kwa kawaida ana mdomo mfupi, mnene, na mara nyingi umepinda kama mundu.

Wasifikiri wasomaji ya kuwa hudanganyika wasio na elimu tu. Yule wa kijani aliandikwa mwaka 1758 na Linnaeus, mwana wa mchungaji wa Kilutheri wa Uswidi, ambaye alimhesabu katika jamii moja na kunguni wa kitandani. Mwaka 1775 Fabricius, mwanafunzi wake, akaandika majina mengine mawili, na mojawapo likawa la wale wenye ukanda mweupe au wa manjano karibu na kichwa. Baadaye ikaonekana ya kuwa wote ni mdudu mmoja, na leo huitwa Nezara viridula. Katika nchi za baridi huyu huyu hugeuka kahawia majira ya baridi, kisha hurudia ukijani wake. Mtu mmoja angeweza kuhukumiwa kwa majina manne!

Lakini habari itufundishayo zaidi yatoka mbali na Ufipa, kule pwani na Unguja. Huko vidaka vya minazi vilikuwa vikianguka kabla ya kukomaa, na juu ya ganda lake changa palionekana makovu yenye utomvu. Watu wakauita ugonjwa wa utomvu. Ndipo M. J. Way, mchunguzi wa wadudu, akaonyesha katika maandiko yake ya mwaka 1951 na 1953 ya kuwa huo si ugonjwa wa mti, bali ni kazi ya kunguni mmoja achomaye vidaka kwa mdomo wake, na mate yake huua nyama ya mmea mahali alipochoma. Wachache tu juu ya mnazi mmoja hutosha kuleta hasara kubwa. Sasa angalieni jambo alilolifanya. Alimjua mdudu huyu kwa matendo yake, lakini hakuwa na jina lake la hakika. Akamwandika Theraptus, jina la jamii aliyofanana nayo, na mahali pa jina la pili akaandika alama ile ya wataalamu yenye maana ya kwamba aina yake haijajulikana. Hakuona aibu kuacha nafasi wazi mbele ya wasomaji wake. Sisi twaona heshima kubwa katika nafasi ile iliyoachwa wazi, maana wengi wetu hupenda jina baya kuliko kukosa jina, na hivyo ndivyo watu nao wanavyoitwa wachawi na wezi vijijini.

Mwaka 1955 E. S. Brown alimpima mdudu huyo kiungo kwa kiungo, akaona ya kuwa hafai katika jamii ile. Akamfanyia jamii mpya, akamwita Pseudotheraptus wayi, yaani Theraptus wa uongo, na jina la pili kwa heshima ya Way.

Uchunguzi huo ulimwokoa na rafiki mmoja. Wakwezi huwachukia sana maji moto, wale chungu wekundu washonao majani kuwa nyumba, kwa jinsi wanavyouma. Na kama wangeulizwa nani auawe kwanza, nadhani jibu halingechelewa. Lakini mahali maji moto wanapoutawala mnazi, kunguni yule huwa haba na vidaka hukaa. Wako chungu wengine wadogo wa kahawia, wakaao ardhini, wasiomwuma sana mkwezi. Hao huwafukuza maji moto, nao mti hawaulindi.

Basi mjane mwenye robo eka ya maharagwe angoje mpaka wataalamu wapatane? La. Mkono wake na waokote wale aliowaona wakichoma maganda, awatie katika chombo cha maji yenye sabuni. Hukumu ya mkono humpata mmoja mmoja. Dawa ya sumu ni jambo jingine, kwa kuwa haiulizi mdomo wa mtu umepinda au umenyooka, na iliyokwisha nyunyizwa hairudishwi katika chupa. Hiyo ndiyo ingoje jina.

Walimu waweza kusaidia katika jambo hili, kwa maana wao huzunguka vijijini. Mdudu asiyejulikana atiwe katika chupa ndogo yenye spiriti, wakubwa pamoja na watoto wao, ikapelekwe kwa bwana shamba au kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, ambacho kina wajuzi wa maharagwe. Ndani ya chupa itiwe karatasi yenye siku, mahali, mmea, na kile mdudu alichoonekana akikifanya. Iandikwe kwa penseli. Wino huyeyuka katika spiriti.