Je, Akili Yaweza Kupimwa Pasipo Maneno?

Seremala apimapo ubao hutwaa futi yake, wala ubao haumwulizi futi hiyo yatoka wapi. Mtoto si ubao. Wako wataalamu waliosema: Na tuyaondoe maneno katika mtihani, tumpe mtu picha na maumbo tu, ndipo tutakapoiona akili yenyewe.

Nia yao ilikuwa njema. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, jeshi lilipokea vijana wengi wasiojua kusoma, au wasiojua Kiingereza. Hao walipewa mtihani ulioitwa Beta: kupita kwa kalamu katika mzingile, kuhesabu matofali yaliyochorwa, kuchora kitu kilichopunguka katika picha. Lakini picha moja ilikuwa ya uwanja wa tenisi usio na wavu, na nyingine ya gramafoni isiyo na pembe. Mkulima aliyetoka Italia, asiyeona tenisi maisha yake, atajuaje kilichopunguka? Maneno yalitoka, desturi za mwenye mtihani zikabaki. Naye Carl Brigham alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1923, akawashusha watu wa kusini na mashariki ya Ulaya. Mwaka 1930 akayakana mwenyewe. Lakini sheria ya kuwazuia watu hao wasihamie Marekani ilikwisha kupitishwa mwaka 1924.

Labda mtu atasema, Basi picha zile zilichaguliwa vibaya, yatosha kuchagua maumbo matupu. Na asikie habari aliyoitoa Robert Serpell mwaka 1979. Watoto wa Zambia na wa Uingereza waliambiwa waige maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walitangulia. Kwa waya, Wazambia walitangulia, maana wamezoea kuunda vigari vya waya katika michezo yao. Kwa udongo walilingana. Watoto ni wale wale! Kama mpimaji angalichukua kalamu peke yake, angaliandika kwamba watoto wa Zambia ni wazito wa kufahamu maumbo, na wasomaji wake wangalisadiki.

Hata hivyo sisemi mitihani hii itupwe. Mtoto kiziwi akipimwa kwa maneno huandikwa mjinga. Akipewa vipande vya mti avipange, huenda akawapita wenzake wasikiao. Ila mpimaji, pamoja na ile namba, na aandike alimpa mtoto kitu gani mkononi, na kama mtoto alipata kukishika kabla ya siku ile.